Gia ziligoma njiani: uzoefu wangu na fundi wa klachi, Iganga

Nabeba vitunguu na kabichi kutoka Mbale kwenda Kampala kwa lori la tani 4, klachi yake ni ya mafuta, yaani pedali inasukuma mafuta na mafuta ndiyo yanaachanisha klachi. Naandika haya kwa madereva wenzangu kwa sababu mwaka jana nilipoteza shilingi 900,000 kwa ugonjwa ambao safari hii umetibiwa kwa 190,000.

Siku yenyewe nilitoka Mbale alfajiri. Kufika Tirinyi, pedali ikawa laini na klachi inashika karibu kabisa na sakafu. Nakalama ndipo gia ya kwanza ilipogoma, haiingii mpaka nipampu mara mbili tatu. Rivasi ndiyo usiseme, ilikwaruza hadi watu wa barabarani wakageuka. Nikajikokota mpaka Iganga, na mzigo ni kabichi, jua halizisubiri.

Dalili zilikuwa zilezile za mwaka jana. Wakati ule gereji moja ya Kampala iliniambia pleti, ile sahani ya klachi inayoshikanisha injini na giaboksi, imeisha. Wakashusha giaboksi, wakabadilisha pleti, presha (bamba linaloibana pleti) na beringi, siku mbili nzima. Wiki ya tatu pedali ikalainika tena. Nikawa naongeza mafuta ya breki, ndiyo yanayotumiwa na klachi hii, kwenye kikopo chake na kusonga mbele.

Fundi wa Iganga ni kijana, gereji yake ni mwembe na turubai. Kabla hajashika spana aliuliza, “Mzee, ukipampu gia inaingia?” Nikamwambia inaingia. “Na mlimani injini inapanda kelele bila lori kuvuta?” Hapana, linavuta vizuri. “Basi giaboksi tuiache kwanza.” Akanieleza: pleti iliyokwisha inateleza, lori linanguruma halivuti. Lakini gia ikigoma halafu kupampu kukasaidia, nguvu ya mguu wako inapotelea kwenye mafuta, ama kuna upepo ndani ama mpira wa ndani ya silinda unavujisha.

Akaweka mawe kwenye magurudumu, akaingia chini na rula ya shule. Taniboi wangu, msaidizi wa lori, akakanyaga pedali. Fimbo ya silinda ya chini, ile inayosukuma uma wa klachi, ilitembea milimita 8. Akakanyaga haraka mara tatu, ikatembea 15. Hapo nilielewa kwa macho yangu kitu ambacho sikuwahi kuonyeshwa miaka yote ya kuendesha. Fundi akasema kama fimbo ingetembea vya kutosha tangu mara ya kwanza na gia bado zinakwaruza, hapo ndipo angeanza kushuku presha, beringi au uma wenyewe.

Halafu akafunua kofia ya mpira ya silinda ile. Tone jeusi kama kahawa likamdondokea kwenye kidole gumba. Hakuridhika. Akapanda kwenye kebini, akapitisha kidole nyuma ya pedali inapoingia masta ya juu, silinda inayosukumwa na pedali: pakavu.

Silinda ilipofunguliwa, mdomo wa mpira ulikuwa umelika. Nilitaka abadilishe mipira tu, bei ni ndogo. Akanishika mkono, akapitisha ukucha wangu ndani ya silinda, ukakwama kwenye mkwaruzo. Mpira mpya, akasema, ungeliwa palepale. Tukanunua silinda nzima.

Nilikuwa na chupa ya mafuta ya breki kebini, imefunguliwa tangu zamani. Akaikataa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230, lakini ikishakunywa maji kiwango kinaweza kushuka hadi 155, na silinda inaanza kuota kutu ndani. Akafungua chupa mpya mbele yangu. Aliniasa pia nisithubutu kujazia oili ya injini nikiishiwa njiani, maana mipira ya mfumo huu huvimba na kuharibika.

Kutoa upepo kulichukua nusu saa: kanyaga, shikilia, fungua nati, funga, achia, huku kipaipu chembamba kutoka kwenye nati hiyo kimezamishwa kwenye chupa yenye mafuta na kikopo cha juu hakiachwi kikauke. Mapovu yalipokwisha, alimwambia taniboi ashikilie pedali dakika nzima huku yeye akiangalia fimbo. Haikurudi hata kidogo, kumaanisha masta ya juu haipitishi mafuta kwa ndani.

Malalamiko ninayo mawili. Silinda ilichelewa kufika kwa muda wa saa tatu na risiti sikupewa. Na paipu ya mpira inayopeleka mafuta kwenye silinda ya chini ni ya zamani. Aliikagua akasema bado nzima, ila mimi ningependa aibadilishe tulipokuwa tumeshafungua kila kitu.

Sasa ni mwezi wa nne tangu atengeneze. Kikopo nilikichora mstari kwa kalamu ya wino siku ile, na mafuta bado yako kwenye mstari. Nikitaka rivasi, nakanyaga mara moja, inaingia kimya. Ukitokea Nakalama, yuko mkono wa kushoto kabla hujaingia mjini.