Tamasha la densi lililoweka skrini na jukwaa ukumbi mmoja: nyota nne

Mimi ni mwalimu wa densi, na kinachonikera kwenye filamu nyingi za densi ni mhariri asiyejua hatua inaanzia wapi. Mchezaji anajikusanya, anashusha uzito kwenye kisigino, na pale pale anapotaka kuruka picha inakatwa, tunaonyeshwa uso. Kwa hiyo niliposikia kuna tamasha la kijamii la filamu za densi na densi ya jukwaani, nilikwenda nikiwa na wasiwasi. Nimetoka nimefurahi sana, na sifa kubwa naipeleka kwa waliopanga ratiba.

Matamasha ya aina hii kwa kawaida hutenganisha mambo: filamu mchana, jukwaa usiku, kila mtu achague lake. Hawa walichanganya. Filamu fupi inaisha, taa zinawaka, wachezaji wanaingia mbele ya skrini ile ile, wanacheza, taa zinazimwa, filamu nyingine inaanza. Jicho halipati muda wa kuzoea, na hapo ndipo unapoanza kuona kamera inakupa nini na inakunyima nini.

Walifungua na filamu ya mwongozaji wa Marekani Maya Deren ya mwaka 1945, ile aliyoifanya na mcheza densi Talley Beatty. Haifiki hata dakika tano. Beatty ananyanyua mguu akiwa msituni, na mguu ule ule unatua sebuleni. Baadaye yuko kwenye ukumbi wa makumbusho anazunguka. Mruko wake wa mwisho umeunganishwa kwa vipande kadhaa mpaka anakaa hewani kuliko mwili wowote unavyoweza. Deren alikata picha vizuri kwa sababu aliukata mwendo katikati, mwili ukiwa bado unasafiri, na upande wa pili akaupokea bila kupoteza kasi. Filamu haina sauti, na nawashukuru waandaaji hawakuibandika muziki. Ukumbi mzima ulinyamaza, hata watoto.

Lakini kilichonifanya niandike ni kazi ya vijana wa kikundi kimoja, wasichana wawili na mvulana. Kwanza tuliona filamu yao, imepigwa kwa simu kwenye ngazi za jengo. Halafu wenyewe wakatokea, wakacheza densi ile ile mbele yetu, mpiga ngoma akiwa ameketi pembeni. Kwenye filamu kuna msichana anayegeuka mara tatu mfululizo, na kamera iko karibu na mikono yake. Unaona vidole vinafunguka kimoja kimoja kila anapomaliza mzunguko; kitu hicho nisingekiona hata ningekaa kiti cha mbele kabisa. Alipokuja jukwaani, vidole vilipotea. Badala yake niliona kabla ya mzunguko wa tatu anavuta pumzi, bega la kushoto linapanda kidogo, na mpiga ngoma anamsubiri. Alichelewesha pigo kwa sababu alimwona bado hayuko tayari. Kwenye skrini hakuna anayemsubiri mtu, muziki umeshapita. Nawafundisha wanafunzi wangu jambo hili kila siku kwa maneno mengi, na hapa walilionyesha waziwazi kwa muda mfupi tu.

Mvulana naye ni mzuri, ila anacheza akiitazama hadhira mno. Kwenye filamu hakuwa na tabia hiyo.

Baada ya maonyesho kulikuwa na mazungumzo. Mzee mmoja aliuliza kwa nini tujisumbue na filamu wakati wachezaji wapo hai. Swali zuri, na mwongozaji wa mazungumzo alilijibu kwa habari ya mwaka 2020: wachezaji kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikuwa wakifanya mazoezi kwenye shule ya densi ya Germaine Acogny, mcheza densi na mwalimu mashuhuri, iitwayo École des Sables, nchini Senegal. Walikuwa wanaandaa densi ya mtunzi wa densi Mjerumani Pina Bausch ya mwaka 1975, inayochezwa juu ya udongo kwa muziki wa mtunzi Mrusi Stravinsky. Korona ikafuta onyesho la Dakar. Kabla hawajatawanyika waliicheza yote ufukweni, juu ya mchanga, ikapigwa filamu. Jukwaani waliifikisha baadaye, marufuku ya korona yalipolegezwa. Bila kamera, jasho la mazoezi yale lisingeonwa na mtu kwa muda mrefu. Mzee alitikisa kichwa kukubali, ingawa alisisitiza yeye bado anapenda kusikia vishindo vya miguu. Na mimi nipo upande wake kwa hilo.

Sasa nyota ya tano imekwenda wapi? Viti vyote vilipangwa kwenye sakafu tambarare na jukwaa liko chini. Kuanzia safu ya nne huoni miguu. Kwenye onyesho la densi! Fred Astaire, mcheza densi wa filamu za Hollywood, alitaka kamera imwonyeshe mwili mzima, kichwa mpaka viatu, na mtazamaji aliyekaa nyuma anastahili heshima hiyo hiyo. Wainue jukwaa, au watandike mikeka mbele watoto wakae chini na viti visogezwe nyuma kwa ngazi.

La pili ni sauti. Filamu moja ilianza sauti ikiwa nyuma ya picha: kisigino kinatua, kishindo kinafuata baadaye. Kwenye filamu ya mazungumzo ungevumilia, ila kwenye densi mdundo ukiteleza kidogo tu kazi yote imeharibika. Fundi aliisimamisha akairudia tangu mwanzo, vizuri, lakini kila filamu ingejaribiwa kwenye mitambo ile ile kabla watu hawajaingia.

Darasa la watoto la asubuhi lilikuwa na mwalimu mvumilivu na nafasi ya kutosha. Wazazi, wapelekeni.

Ukienda, usichague filamu peke yake au jukwaa peke yake; kaa kipindi chote cha jioni, kwa sababu vimepangwa visomane. Fika mapema upate safu tatu za mbele, upande aliopo mpiga ngoma. Na waandaaji, tafadhali, kile kikundi cha ngazini kirudishwe na kipewe muda mrefu zaidi.