Alhamisi za dansi Shanty Town: elfu nane yangu imeenda wapi

Mimi nauza mitumba soko la Memorial, hapa Moshi. Miguu inashinda imesimama tangu asubuhi, kwa hiyo mtu akiniambia nilipe elfu nane nikasimame tena usiku, awe na sababu. Sababu aliileta wifi yangu: harusi ya mdogo wake ni Desemba, na mara ya mwisho nilipocheza harusini nilimkanyaga shemeji mpaka akakaa chini. Nimeshahudhuria darasa la dansi Alhamisi sita.

Ukumbi wenyewe ni wa kawaida. Choo hakina taa, na saa mbili ya kwenye tangazo maana yake ni saa tatu kasorobo. Vigae vinateleza wakipiga deki bila kukausha, lakini msije na raba, zinang'ang'ania sakafu na goti ndilo linalolipa. Mimi nilijichagulia viatu vya soli ya ngozi kwenye balo langu. Faida ya kazi.

Kwa upande wa hatua, mwalimu ana haraka. Salsa anahesabu moja mbili tatu, tano sita saba, na kwenye nne na nane unatulia. Ukichelewa kuelewa, ameshaingia rumba ya Kongo, akikumbusha kwamba UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi mwaka 2021. Sebene likianza anawaachia mjirushe mnavyojua.

Ila nusu saa ya kwanza! Hakuna muziki. Tunajifunza kuomba na kukataa. Siku ya kwanza nilicheka, nikajua nimeliwa hela. Huku kwetu kwenye sherehe mwanaume haombi, anakuvuta mkono, na ukigoma anauliza "unaringa nini, mama?" meza nzima isikie. Hapa anasimama hatua moja mbali, anasema, "Dada, naomba tucheze huu." Ukimjibu "asante, napumzika," anaitikia kwa kichwa anaondoka, haulizi kwa nini. Nawe ukishamkatalia, wimbo huohuo usinyanyuke na mwingine. Hapo nilinywea, maana nimewahi kuifanya, na yule kaka namkumbuka alivyobaki na soda yake mkononi.

Wanawake nasi tunaomba. Wiki ya tatu nikamwendea mzee mmoja mstaafu, nikaanza na shikamoo kama kawaida, kisha nikakwama. Unamwombaje dansi mtu uliyemwamkia shikamoo sekunde mbili zilizopita? Akaniokoa mwenyewe: "Marahaba mwanangu. Tucheze, ila goti likigoma utanirudisha mezani." Na kweli nilimrudisha, kwa sababu hiyo nayo ni kanuni: humwachi mwenzako katikati ya ukumbi kama mzigo wa stendi.

Mwalimu alitusimulia kwamba kwenye tango kule Buenos Aires watu huombana kwa macho tu toka mbali, na ukimwambia mwenzako "asante" kabla nyimbo za mkupuo hazijaisha, umemwambia imetosha. Sisi Wamoshi tunaosema asante hata tukipewa chenji pungufu tungebaki bila wa kucheza naye.

Kuhusu mwili mwalimu hana aibu, anataja harufu: kitunguu cha kachumbari, pombe ya mbege, kwapa. Mje na taulo ndogo na fulana ya kubadilisha. Funguo zitoke kiunoni. Mimi nina alama ya funguo za pikipiki ya mtu mbavuni.

Sasa lawama yangu. Kijana wao wa muziki alikuwa anaturekodi na kutuweka status bila kumuuliza mtu. Nimejua kwa mteja wangu, aliyenionyesha simu huku akibagua blauzi: "Mama, kumbe unakata hivi?" Soko zima la Memorial likaniona nimekodoa macho kwenye bega la mwanaume ambaye si baba watoto. Mahali panapofundisha kuomba ruhusa ya wimbo wa dakika tano! Nilimfuata mwalimu nikamweleza, hakujitetea, video ikafutwa palepale.

Alhamisi iliyofuata kijana akaja na simu ameiteremsha, hatua moja mbali. "Mama, naomba nikurekodi kidogo." Nikamjibu, asante, napumzika.