Uzio kwanza, sebule baadaye: nyumba ya kupanga Goba

Habari za saa hizi, watazamaji wangu. Leo nipo Goba, hapa Dar es Salaam, mbele ya nyumba ya vyumba vitatu inayotafuta mpangaji. Ndani siingii. Nataka tuuchambue uzio wake, maana video nyingi za nyumba zinaanzia sebuleni na kuishia chooni, uzio unatajwa kwa maneno matatu tu: "ndani ya fensi". Fensi gani? Mnakaa familia ngapi humo? Mtu anatoa hela ya kupelekwa na dalali, anapanda daladala mbili kutoka Gongo la Mboto, anafika anakuta ukuta umelalia kwa jirani. Huko ni kumwonea mtu.

Haya, tuanzie barabarani. Nimeiwasha kamera kule kwenye kona na nimetembea hadi getini bila kukata, ili muone wenyewe njia ilivyo na kama gari inapita. Mbele ya nyumba panatazama magharibi, ndiyo maana nimekuja saa kumi jioni: jua linaupiga ukuta usoni. Ningekuja asubuhi mngeona kivuli kitupu. Kama geti lako linatazama mashariki, wewe piga video yako asubuhi.

Sasa sikilizeni. Nalisukuma geti kwa mkono mmoja... mmesikia? Halikwaruzi. Lina upana wa mita 4, linateleza kwenye reli, na pembeni kuna mlango mdogo wa waenda kwa miguu. Wapiga video wengi wanaweka muziki hapa. Msiweke! Mteja anataka kusikia geti. Nainama sasa nione chini, kwenye viungo alivyochomelea fundi, kwa sababu maji yakituama ni hapo. Kuna kutu kidogo, ya kusugua kwa msasa na kupaka rangi ya kuzuia kutu. Nyumba ingekuwa Kigamboni au Mbezi Beach, karibu na upepo wa chumvi, ningekuwa mkali zaidi.

Ukuta wa mbele umenifurahisha. Chini ni tofali, juu zimewekwa tofali za maua, zile zenye matundu. Kwa joto la Dar huo ni uamuzi wa mtu mwenye akili, kwa sababu upepo unaingia uani, na anayepita hakuoni umekaa barazani. Kuta za kuziba kabisa, tena zenye chupa zilizovunjwa juu, kwenye video zinaonekana kama gereza, na mama mwenye watoto wadogo anaangalia zile chupa mara mbili.

Kuta za pembeni ni tofali za inchi 6, kozi 8 (mistari ya tofali), yaani kama mita 2 kwenda juu, na kuna nguzo za zege. Tusogee chini kabisa, hapa ndipo nataka tukae. Mnaona rangi ilivyobanduka, na huu unga mweupe? Ni chumvichumvi. Ukuta unanyonya maji kutoka ardhini, maji yanapanda na chumvi, yakikauka chumvi inabaki na kuisukuma rangi itoke. Ukipaka rangi juu yake leo ili video ipendeze, masika ya Machi hadi Mei itakuumbua mbele ya mpangaji uliyekwisha kula kodi yake. Ila upande huu wa mlimani kuna jambo zuri: ukuta umetobolewa chini na kupitishwa mabomba, maji ya juu yanapita. Goba ni vilima na mabonde, ukuta usio na matundu unazuia maji hadi unasukumwa. Mwenye nyumba hakuyataja kabisa mabomba haya. Yataje! Ni sifa kubwa kuliko taa za getini.

Kona ya nyuma kuna ufa, unaanzia juu unashuka kwa ngazi kufuata maungio ya tofali. Nimeuonyesha kwa karibu makusudi.

Kwenye ukuta huu huu kuna mita ya LUKU, moja, ya nyumba hii peke yake. Onyesheni mita zenu. Ugomvi wa wapangaji kuhusu umeme mnaujua.

Kwa wanaouza, neno moja zito: uzio si mpaka. Ukuta unaweza kuwa umeingia kwa jirani au kwenye hifadhi ya barabara. Tafuta bikoni, zile alama za mpaka alizoweka mpimaji, zipige video kona zote, mnunuzi azilinganishe na ramani ya upimaji.

Na kama huna uzio wa tofali usijione duni. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mzunguko wa mita 80. Toa geti la mita 4, zidisha kwa kimo cha mita 2, kwa tofali 10 kila mita ya mraba unafika tofali 1,520, bado nguzo, saruji na fundi. Si kila mtu anazo. Michongoma iliyokatwa vizuri inapangisha nyumba, nimeiona. Minyaa pia, ila waambie wapangaji wenye watoto kwamba utomvu wake ni hatari kwa macho.

Hukumu yangu: huu ni uzio mzuri, familia yenye gari itaupenda. Mwenye nyumba, kabla hujairusha video kwa madalali, kwangua ile chumvichumvi, acha ukuta ukauke, ndipo upake. Na ule ufa wa kona ya nyuma usiukwepe kwa kamera. Uonyeshe, kisha useme fundi anakuja lini.