Utabiri wa siku tano wa TMA: usome hivi ukiwa Dar

Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ya hali mbaya ya hewa kwa siku tano ni bure, na kwa mkazi wa Dar inafaa kuliko kile kipicha cha wingu kwenye simu. Watu wengi huishia kwenye rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu tahadhari kubwa. Lakini rangi haitoshi. Teremka hadi kwenye mistari miwili, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa si wa kupuuza ukiwa unaishi mabondeni, kama Kigogo au Jangwani.

Udhaifu wake ni upana. "Dar es Salaam na Pwani" ni eneo kubwa mno. Mbezi Beach inaweza kuloa huku Gongo la Mboto pakavu. Tena haisemi mvua itaanza saa ngapi. Pengo hilo lizibe mwenyewe kwa kuangalia upande wa Pugu na Kisarawe, maana Mto Msimbazi hushusha maji ya huko. Jangwani panaweza kujaa hata kama Kariakoo imenyesha manyunyu tu, na bahari ikiwa imejaa, maji huchelewa kutoka pale Daraja la Selander, mto unapoingia baharini.

Kuhusu radi taarifa ni fupi mno. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawa kwa tatu, upate kilomita. Ikipungua kilomita kumi, ingia ndani; televisheni na friji zichomoe mapema, kabla radi haijakaribia.

Kwa masika, nyota nne kati ya tano.