Wufa za spika zisizo na boksi: igeuze, utazame mgongo

Lalamiko ni lile lile. Mtu kakata plaiwudi, katoboa tundu la inchi 12, kafunga spika ya gari yenye sumaku nzito, kawasha, besi haipo. Sauti ya mwimbaji inatoka safi ajabu, ila gitaa la besi linasikika kama linapigwa nyumba ya tatu. Akirudi dukani anaambiwa, "Kaka, hiyo itengenezee boksi." Boksi ndilo alilolikimbia!

Mwongozo huu ni wa walioamua kutengeneza spika za ubao wazi, yaani wufa (spika ya besi) imefungwa kwenye ubao mtupu bila boksi, hasa hapa Tanga ambako hewa ya bahari nayo ina usemi wake. Wati, rangi ya koni na uzuri wa katoni siviongelei. Hivyo muuzaji atakuimbia mwenyewe.

Kwa nini besi inapotea? Koni inapoisukuma hewa ya mbele, ya nyuma inaivuta. Bila boksi, mawimbi marefu yanazunguka ukingo wa ubao, ya mbele na ya nyuma yanakutana, yanafutana. Kwa ubao wenye upana wa sentimita 60, spika ikiwa katikati, upotevu unaanza kwenye 190 Hz (mitetemo 190 kwa sekunde) hivi, kisha unaongezeka kwa desibeli 6 kila masafa yanapopungua nusu: kwenye 95 Hz umepoteza 6, kwenye 48 Hz umepoteza 12. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi unalia kwenye 41 Hz. Anayetaka kusikiliza Atomic Jazz au Jamhuri Jazz, bendi za zamani za Tanga, na besi ikae mahali pake, vita yake iko hapo.

Silaha yako ni namba moja inayoitwa Qts. Spika inapofika kwenye masafa yake ya asili, yaani Fs, sauti yake inanyanyuka au inazama kulingana na namba hiyo. Qts ya 1.26 inakunyanyua desibeli 2 juu ya kiwango cha kawaida cha spika. Qts ya 0.4 inakuzamisha desibeli 8 chini yake. Tofauti ni desibeli 10, maana yake amplifaya itoe nguvu mara kumi ili kufidia. Kuanzia 0.7 kwenda juu, nunua. Kati ya 0.5 na 0.7 inavumilika. Chini ya hapo, jiandae kununua na vifaa vya kurekebisha sauti.

Sasa ona ushauri wa dukani unavyokwenda kinyume. Sumaku yenye nguvu ndiyo inayoishusha Qts, kwa sababu inaipiga koni breki. Ndani ya boksi hiyo ni sifa, kwenye ubao wazi ni kasoro. "Boss, cheki sumaku hii, haikuangushi." Itakuangusha. Na nyingi ya hizo zinazoonekana nene zimevalishwa kofia ya mpira. Iminye kwa kidole uone chuma kinaanzia wapi. Namba hizi za spika si siri ya mtu: Neville Thiele aliziandika Australia mwaka 1961, Richard Small akazikamilisha huko huko mwanzoni mwa miaka ya 1970. Miaka zaidi ya 60 imepita, na bado tunauziwa katoni zilizochorwa moto na kuandikwa wati 1500, ndani hakuna hata kijikaratasi chenye Qts. Bei inapangwa kwa uzito, kama vyuma chakavu.

Basi nenda na kipande cha waya mfukoni. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, sawasawa pande zote. Kisha unganisha vichwa viwili vya spika, pale zinapofungwa nyaya za amplifaya, kwa ule waya, usukume tena. Koni ikiwa nzito ghafla, sumaku inaibana na Qts iko chini. Tofauti ikiwa ndogo, hapo kuna matumaini.

Ukitaka namba kamili, unahitaji amplifaya, simu yenye programu ya kutoa milio ya masafa, rezista ya omu 1000 na mita inayosoma volti za AC ndogo. Mita ya bei ya chini ambayo AC yake inaanzia volti 200 haitakusaidia, kwani hapa unasoma milivolti. Pima kwanza kwa DC omu za koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni. Tuseme umepata 6. Funga rezista mfululizo na spika, lisha mlio, soma volti kwenye spika. Weka rezista ya omu 10 mahali pa spika mara moja ili ujue omu moja ni milivolti ngapi. Sogeza masafa mpaka usomaji uwe mkubwa kuliko wote: tuseme ni omu 54 kwenye 40 Hz. Gawa 54 kwa 6, unapata 9, na kipeuo chake cha pili ni 3. Tafuta masafa mawili, chini na juu ya 40, ambapo usomaji ni omu 6 mara 3, yaani 18. Tuseme ni 32 na 50. Hakiki: 32 mara 50 ni 1600, sawa na 40 mara 40, kwa hiyo hujakosea. Halafu 40 mara 3, gawa kwa tofauti ya 50 na 32, yaani 18, ni 6.67. Gawa tena kwa 9. Qts ni 0.74. Hiyo spika ichukue.

Lakini Qts wapenzi wa ubao wazi wanaijua, wanaizungumza. Wasichokitazama ni mgongo wa spika. Duka linaipanga spika ikitazama mbele, mnunuzi anaitazama mbele, anaifunga, na usiku ule ule anaanza kusikia "fyuu, fyuu" isiyojulikana inakotoka. Kwenye boksi kelele za nyuma zinamezwa na mbao na pamba. Kwenye ubao wazi mgongo nao unaimba: kila kinachotoka huko kinagonga ukuta na kukurudia sikioni.

Jaribio lake ni rahisi, na ni bora kuliko lolote utakaloonyeshwa kaunta. Shika spika ikiwa uchi, bila ubao, uipe mlio wa 30 Hz mpaka koni icheze milimita 3 hivi kwenda na kurudi. Spika uchi kwenye 30 Hz karibu haisikiki kabisa, mawimbi yamefutana. Kwa hiyo chochote unachokisikia ni ubovu. Kunja gazeti kama mrija, upeleke sikio nyuma, sehemu moja moja.

Upepo unaopuliza kwenye tundu la katikati ya sumaku: acha spika hiyo hapo. Usijidanganye kwamba utaliziba, maana tundu hilo ndilo linalopooza koili. Upepo unaotoka chini ya dampa, kile kitambaa cha mikunjo kinachoishika koili katikati, nao hauna dawa. Mlio wa "ta-ta-ta" ni zile nyaya laini za kusuka zinazopiga koni; hizo unaweza kuzikunja upya kwa kibanio zisiguse, ila usizikaze, zikikazwa zitakatika kwa kuchezacheza. Mkwaruzo mkavu ni koili inayogusa chuma, hiyo usiulize bei. Ukimaliza, panda taratibu kutoka 20 hadi 200 Hz kutafuta gundi iliyoachia.

Halafu washa tochi ya simu umulike ndani kupitia madirisha ya fremu. Pengo linamochezea koili halifiki milimita moja kila upande. Kutu ya Raskazone, kule ufukweni Tanga, haihitaji mwaliko: bamba la chuma likianza kuvimba, ndiyo huo mkwaruzo. Spika ya boksi imejificha, yako itakaa uchi miaka yote, kwa hiyo fremu iliyo wazi kabisa chini ya dampa ni ya kukwepa, na ya mtumba iliyoonyesha wekundu wa kutu usiiguse. Ukishaifunga, vuta kipande cha chandarua nyuma yake na ukibane kwa stepla. Sauti inapita bila kizuizi, nyigu wa udongo hawapiti.

Mpangilio wangu sasa, na sifichi ninakoegemea.

Namba moja ni Eminence Alpha-15A, na aliye namba mbili yuko mbali. Kampuni hiyo ya Kentucky, Marekani, ipo tangu 1966 na inachapisha namba za spika zake bila kuombwa. Hii ni inchi 15, omu 8, Qts 1.26, Fs 41 Hz, desibeli 97 kwa wati moja. Koni ni ya karatasi na ukingo wake ni wa kitambaa, si ule wa sponji unaobomoka wenyewe kwenye unyevu wetu. Sumaku yake ndogo itamchekesha muuzaji, mwache acheke. Udhaifu wake ni mwendo wa koni: milimita 3.8 tu kila upande, kwa hiyo ni ya sebuleni, si ya kigodoro. Ukitaka nguvu weka mbili kila upande kwa sambamba, ila hakikisha amplifaya inavumilia omu 4. Fremu ni ya bati, kwa hiyo kaza skrubu kwa mshazari, moja hii, nyingine ya upande wa pili, la sivyo inapinda. Karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4, milimita 18, inakupa vipande vinne vya sentimita 60 kwa 120. Weka tundu chini karibu na sakafu, maana sakafu inasaidia besi, na ubao ukae mita moja kutoka ukutani.

Kinachouma ni kuipata. Kuiagiza kuna nauli ya ndege au meli, ushuru, kisha VAT ya asilimia 18 juu yake, halafu basi kutoka Dar. Hapo wajanja wanaingia na stika za bandia. Asiyekubali ufungue katoni na kupima omu mbele yake, muage kwa heshima.

Ya pili, na hapa wengi watashangaa, ni spika za redio kubwa za zamani, zile za kabati. Kabati hizo zilikuwa wazi nyuma, kwa hiyo spika zake zilitengenezwa kwa kazi hii hii. Waulize mafundi redio wa Ngamiani, wengine hawatupi kitu. Chukua za inchi 10 au 12, mbili au tatu kila upande kwa kuwa mwendo wake ni mfupi. Pima omu kabla ya kulipa: Philips ilitengeneza spika za omu 800 kwa redio zake za taa zisizo na transfoma ya kutolea sauti, na hizo amplifaya yako ya leo haiziwezi.

Ya tatu ni spika za jukwaani za inchi 15, Qts 0.35 hadi 0.5. Zinafaa kwa mwenye prosesa ya sauti na amplifaya ya akiba. Siegfried Linkwitz, bingwa wa spika za aina hii aliyefariki 2018, alifidia besi kwa njia ya umeme na matokeo yake yanaheshimiwa hadi leo. Tatizo ni bili. Kama umeshainunua, rezista ya omu 3 ya wati 20 au zaidi, ikifungwa mfululizo, inaipandisha spika ya omu 6 za DC kutoka Qts 0.5 hadi karibu 0.73. Unapoteza desibeli 3.5 za sauti.

Sabufa ya gari ni ya nne, na iwe yenye koili mbili. Funga koili moja tu, ya pili iache wazi kabisa, usiiunganishe na chochote: Qts inapanda sana, kutoka 0.45 hadi kwenye 0.8 hivi. Uwezo wa kubeba wati unabaki nusu na sauti inashuka, ila besi inarudi.

Zisizo na jina kwenye katoni: ukingo wa sponji, hapana, zilizobaki, jaribio la gazeti litakuamulia.

Yoyote utakayochukua itahitaji koili ya krosova, ile inayozuia sauti za juu zisifike kwenye wufa. Kwa spika ya omu 8, milihenri 12 zinaikata kuanzia 100 Hz hivi kwa mteremko wa desibeli 6, ambao ni kinyume halisi cha upotevu wa ubao. Nunua yenye kiini cha chuma na upinzani usiozidi nusu omu. Ile ya waya mwembamba isiyo na kiini inafika omu kadhaa, na hizo zinaila sauti yako kabla haijafika kwenye koni.