Uzoefu wangu na emacsclient: madirisha mengi, Emacs moja

Ninatunza seva za ofisi moja iliyo jirani na Posta, lakini nyumbani kwangu ni Tabata, na kwa sababu hiyo faili ninazozihariri mchana kwenye skrini pana ya ofisini huwa ninazihitaji tena usiku kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) ya kompyuta mpakato. Zamani nilifungua Emacs, programu ya kuhariri maandishi, upya kila mara, nikasubiri ipakie mipangilio yangu yote, kisha nikaonywa kuwa faili ninayoitaka imeshikwa na Emacs nyingine niliyoisahau wazi ofisini.

Kwa emacsclient adha hiyo imekwisha. Emacs moja tu huachwa ikifanya kazi chinichini kwa amri ya emacs --daemon, uwezo uliokuja na toleo la 23 mwaka 2009, na kila unapotaka kuandika unaita emacsclient, programu ndogo inayokufungulia dirisha la Emacs hiyo hiyo. Chaguo la -c hufungua dirisha jipya la picha, ilhali -t hufungua ndani ya terminali uliyomo, hata kama umeifikia kwa SSH, yaani kwa kuingia kwenye kompyuta ya mbali kupitia mtandao. Aya niliyoiacha nusu ofisini bila kuihifadhi ninaikuta usiku vile vile nilivyoiacha. Intaneti ikikatika katikati ya sentensi, na kwetu hukatika, kinachofungwa ni dirisha tu. Umeme wa ofisini ukikatika hadi UPS ikaishiwa chaji, hilo ni jambo jingine. Hapo hutegemea nakala ambazo Emacs hujiwekea yenyewe, na amri ya recover-file.

Kilichonitesa ni chaguo la -n. Niliiweka kwenye EDITOR, mpangilio unaoziambia programu nyingine zifungue kihariri gani, nikidhani itaniharakishia kazi, na tangu hapo kila nilipokomiti (kuweka kumbukumbu ya mabadiliko pamoja na ujumbe) kwa Git, programu ya kutunza historia ya faili, nilikataliwa kwa maelezo kwamba ujumbe wangu ni mtupu. Jioni nzima ilipita kabla sijatambua kwamba chaguo hilo huiambia emacsclient isisubiri, kwa hiyo Git huchukua ujumbe kabla sijaandika hata herufi moja. Nimeweka -t badala yake, na nikimaliza ninabonyeza C-x # (Ctrl pamoja na x, kisha #), ndipo Git inaendelea.

Kasoro nyingine ni kwamba ndani ya terminali baadhi ya vitufe, kama vile Ctrl pamoja na koma, mara nyingi havifiki kwenye Emacs. Anayeanza aongeze pia -a '', yaani nukuu zisizo na kitu ndani, ili Emacs ya chinichini ijiwashe yenyewe ikiwa haijawashwa.

Mwenzangu wa ofisini, aliyeshikamana na Vim, kihariri kingine, tangu chuoni, huniuliza kwa nini nisitumie vim -p ikanifungulia faili zote kwenye vichupo. Humjibu kwamba vichupo vyake huondoka na terminali asipokuwa ndani ya tmux, programu inayoiacha kazi ya terminali ikiendelea hata muunganisho ukikatika, na yeye tmux huikumbuka baada ya intaneti kukatika.