PlantVillage Nuru shambani: uzoefu wangu kabla ya kukata mbegu ya muhogo

Nianze na jibu, maana najua wengi mnataka kujua kama programu hii ya simu, inayotambua magonjwa ya muhogo kwa kamera, inafaa au la. Inafaa, ipakueni. Ila itumieni wakati mihogo bado imesimama na majani yake, kabla ya kukata hata pingili moja ya kupanda, maana mbegu ya muhogo ni pingili za shina. Hapo ndipo nimeona faida yake.

Mimi nalima Mkuranga, na huku Pwani ugonjwa unaotumaliza ni michirizi kahawia. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, haimsumbui mtu kuitambua: majani ya juu yanajikunja, yanadumaa, yanatoka mabaka ya njano. Michirizi ni mjanja zaidi. Unaanzia majani ya chini, umanjano unafuata vishipa vidogo vya jani, na shamba kwa mbali linaonekana limestawi kabisa. Siku ya kuvuna unapasua muhogo unakuta ndani una mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo cha chupa. Huo huuzi, huli. Na kwa kuwa ni virusi, hakuna dawa ya kupuliza. Nzi weupe wanaueneza, lakini safari zake ndefu zinatokana na sisi wenyewe tunapogawiana mbegu.

Nuru imetengenezwa na watu wa PlantVillage, mradi wa David Hughes wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, wakishirikiana na watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, walioko Dar es Salaam. Kilichonivutia ni kwamba picha zilizotumika mwanzo kuifundisha kompyuta kuusoma muhogo zilipigwa kwenye mashamba ya majaribio nje kidogo ya Bagamoyo. Hilo si jambo dogo. Mwaka 2016 Hughes na wenzake walichapisha utafiti uliotumia picha 54,306 za majani ya mazao mbalimbali, na kompyuta ikapatia zao na ugonjwa kwa asilimia 99.35. Walipoipa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, ikashuka hadi kama asilimia 31. Jani lililochumwa na kuwekwa mahali pasafi ni jambo moja. Jani lenye vumbi, kivuli na magugu nyuma yake ni jambo lingine. Nimewahi kuweka programu nyingine, sitaitaja, iliyokuwa inaniambia muhogo wangu ni nyanya, tena baada ya kula bando.

Nuru haihitaji intaneti ukiwa shambani. Unaipakua ukiwa na mtandao, unachagua Kiswahili, basi. Unaelekeza kamera kwenye jani, inachora kiboksi pale ilipoona dalili na kutaja inachokishuku: batobato, michirizi, au madhara ya utitiri wa kijani, wadudu wadogo sana wanaofyonza majani. Simu yangu ni ya Android ya kawaida tu na inaimudu. Jua la saa sita linakufanya usione kioo, kwa hiyo mimi napima asubuhi.

Sasa jambo ambalo wengi wanalipuuza: jani moja halitoshi. Utafiti wa Latifa Mrisho na wenzake uliotoka mwaka 2020 ulionyesha Nuru inapatia asilimia 65 ikiangalia jani moja. Ikiangalia majani sita ya mmea uleule, inafika kati ya 74 na 88. Katika utafiti huohuo maafisa ugani walipata kati ya asilimia 40 na 58, na sisi wakulima kati ya 18 na 31. Takwimu hiyo ya mwisho inauma, lakini naiamini, kwa sababu nimeiona kwa macho.

Msimu uliopita jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana, alinikaribisha nichukue mbegu kwake. Shamba lilikuwa zuri. Nikamwomba ruhusa nipitishe simu kwanza. Kwenye mimea ya upande wa bondeni simu ikawa inataja michirizi, jani baada ya jani.

"Mwanangu, hayo majani yamezeeka tu," akaniambia. "Na ardhi ya hapa imechoka."

Sikubishana naye. Nikamwomba tung'oe shina moja. Akang'oa mwenyewe, akapasua muhogo wa kwanza, ukawa mweupe. Wa pili ukawa mweupe. Wa tatu ulikuwa na mabaka ya kahawia kutoka kwenye ganda hadi katikati. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama ile simu inaweza kupita shamba zima. Tukapita. Mbegu nilichukua upande wa juu, kwenye mimea ambayo haikuonyesha dalili, na yeye akatenga ile ya bondeni iwe ya kuvunwa mapema, isikatwe mbegu.

Mipaka yake ni hii. Kamera inaona majani tu, na ipo mimea yenye virusi ambayo majani yake hayasemi kitu, hasa ugonjwa ukiwa bado mchanga. Kwa hiyo simu ikisema jani ni zima, usichukulie kwamba mbegu imethibitishwa. Mbegu ya uhakika bado ni ile iliyokaguliwa, na sisi wa Pwani TARI Kibaha, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, si mbali kwenda kuulizia. Nuru inakusaidia kukataa mbegu mbaya. Kukuhakikishia iliyo nzuri ni kazi ya maabara.

Ningependa sana teknolojia hii ijifunze kusoma shina na muhogo uliopasuliwa, si majani peke yake. Picha zinaweza kupatikana: Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilikusanya zaidi ya picha elfu ishirini za majani ya muhogo, nyingi zikipigwa na wakulima wenyewe, na wataalamu wa mazao wakazitambua moja moja. Sisi tunaopasua mihogo kila msimu tungeweza kufanya vivyo hivyo kwa mizizi. Mimi niko tayari kupiga za kwangu.